Wazee Hukumbukwa Mwaka wa Kura

Kuna tarehe moja ambayo ningetaka kila kijana wa hapa Nairobi aijue: Machi 30, 2017. Siku hiyo Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alisimama Bungeni kusoma bajeti. Kwa kawaida bajeti yetu husomwa Juni. Mwaka huo ilisomwa mapema kwa sababu uchaguzi ulikuwa Agosti 8 na wabunge walikuwa na haraka ya kurudi mashinani kutafuta kura. Katikati ya hotuba ile ndefu kulikuwa na ahadi: kuanzia Januari 2018, Wakenya waliotimiza miaka 70 na ambao hawana pensheni wangelipwa kitu kila mwezi na serikali, na wangelipiwa bima ya NHIF.

Hicho kitu kilikuwa shilingi 2,000. Gawanya kwa siku 30 upate kama shilingi 66 kwa siku. Hata hivyo ilikuwa hatua kubwa. Kabla ya hapo, pesa za wazee zilizoanza kama jaribio mwaka 2006 zilikuwa za familia maskini tu, na mzee alilazimika kuthibitisha umaskini wake mbele ya watu. Sasa ilitosha kuwa na miaka na kitambulisho. Zaidi ya wazee 500,000 wapya waliandikishwa.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya hizo elfu mbili, na sababu yangu si ya kisomi. Mimi ni mmoja wa wale ambao mshahara ukiingia, kabla sijalipa hata nyumba, kuna kitu lazima kiende kwa shosho. Wengi mnaosoma hapa mnajua hiyo hesabu. Nilitaka kujua kwa nini kazi hiyo imeniangukia mimi, na tangu lini. Nilichokipata ni kwamba nchi hii huwakumbuka wazee wake mwaka wa kura. Huwapa kitu kupitia mkono wa mgombea, halafu huwasahau miaka minne. Bili ya hiyo miaka minne hutumwa kwetu.

Tuanzie uhuru. Mwaka 1963 Wakenya walipiga kura kwa kanuni ya mtu mmoja, kura moja. Serikali mpya ilijua kwamba kuna watu watakaozeeka, na miaka miwili baadaye, 1965, Bunge likaunda NSSF. Wazo lilikuwa zuri: mfanyakazi anakatwa kidogo, mwajiri anaongeza kidogo, na siku ya kustaafu kuna kitu cha kuanzia. Watumishi wa umma nao walikuwa na pensheni yao kwa sheria nyingine.

Lakini angalia vizuri ni nani aliyekuwa ndani ya hiyo mipango. Ni mwenye mwajiri. Mama aliyelima shamba la mume wake hakuwa ndani. Mvuvi wa Lamu hakuwa ndani, wala mchungaji wa Marsabit, wala fundi wa Gikomba. Nchi ilijenga uzee wa mtu wa ofisi na wa kiwandani, na kila mtu mwingine akaachiwa watoto wake. Wakati huo huenda ilionekana sawa, kwa sababu watoto walikuwa wengi, shamba lilikuwapo, na watu waliamini kwamba kazi za mjini zingeendelea kuongezeka mpaka zitoshe wote.

Hata aliyekuwa ndani hakupata kikubwa. Kwa miaka mingi makato ya NSSF yalikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Ukiona jinsi watu walivyopiga kelele mitandaoni mwaka 2023 makato yalipopandishwa, kumbuka kwamba kuna mlinzi aliyestaafu baada ya miaka 30 ya hizo 200. Muulize alipewa ngapi, na zilikaa kwa muda gani.

Sasa, kwa nini hawa wazee hawakutumia kura kudai? Swali hilo lina jibu refu, na sehemu yake moja ni mlolongo. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, hakukuwa na karatasi ya siri. Ulipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, watu wakahesabiwa kwa macho. Aliyepita asilimia 70 alienda Bungeni bila kupingwa tena. Sasa jiweke mahali pa mzee wa kijiji siku hiyo. Barua ya kitambulisho cha mtoto wako iko kwa chifu. Chakula cha msaada mwaka wa njaa kinapitia kwa chifu. Na chifu amesimama pale anaangalia foleni. Mtu wa namna hiyo hatoki mstarini kwenda kudai pensheni. Anasimama mahali salama, na desturi ya kusimama mahali salama haikuisha siku karatasi ya siri iliporudi.

Kisa kinachonichoma zaidi ni cha walimu. Mwaka 1997 ulikuwa wa uchaguzi, na kura ilikuwa Desemba 29. Oktoba ya mwaka huo walimu wa nchi nzima waligoma chini ya chama chao, KNUT. Serikali ya Rais Moi, ikiwa na uchaguzi mlangoni, ilikubali kuwaongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, kwa awamu, katika miaka mitano. Walimu wakarudi darasani. Kura ikapigwa. Awamu ya kwanza ikalipwa.

Zilizofuata hazikuja kama walivyoahidiwa. Walimu waligoma tena 1998, na tena 2002, mwaka mwingine wa kura. Serikali mpya ya Kibaki ilipoingia, makubaliano mapya yalitekelezwa kuanzia 2003. Lakini miaka haisubiri makubaliano. Kati ya 1997 na 2003 maelfu ya walimu walifikisha umri wa kustaafu na kuondoka. Pensheni huhesabiwa kwa mshahara wa mwisho, na mshahara wao wa mwisho ulikuwa ule wa zamani, usio na nyongeza walizoahidiwa kwa sahihi ya serikali. Zaidi ya 50,000 walidai haki yao, wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikaamua kwamba walistahili kulipwa.

Hapo ndipo hadithi ingeisha kama nchi ingekuwa na haya. Ikaenda rufaa. Ikaenda Bungeni kama ombi. Wazee waliofundisha wazazi wetu kusoma walionekana kwenye taarifa ya habari wakiwa na mikongojo nje ya ofisi za serikali. Wengi walizikwa kabla hawajaona shilingi. Fikiria: mtu aliyestaafu mwaka 1998 akiwa na miaka 55 alikuwa na 65 siku mahakama ilipoamua. Kila mwaka uliofuata, orodha ya wanaodai ilipungua yenyewe, bila mtu yeyote kulipwa. Kwa mwenye deni, kuchelewesha wazee ni njia rahisi ya kupunguza deni.

Ndiyo maana nasema ahadi ya mwaka wa kura na haki ni vitu viwili. Kijana aliyedanganywa mwaka 1997 alikuwa na nafasi ya kusubiri 2002, na 2007, na 2013. Mzee hana miaka mitano ya kuwekeza katika ahadi.

Kisha tukaandika katiba. Agosti 4, 2010 tuliipigia kura, na kwa wazee ilionekana kama mwanzo mpya. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Soma hiyo sehemu ya mwisho tena: kutoka kwa familia na kwa serikali. Wote wawili. Kifungu cha 43 kinaongeza kwamba asiyeweza kujitegemea ana haki ya kusaidiwa na serikali. Mzee, kwa mujibu wa Kifungu cha 260, ni mtu aliyefikisha miaka 60.

Lakini endelea kufungua kurasa. Fika pale katiba inapogawa viti. Katika Bunge la Taifa kuna wabunge 12 wa kuteuliwa kwa ajili ya makundi maalum, na waliotajwa ni vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Katika Seneti kuna viti viwili vya vijana na viwili vya watu wenye ulemavu. Katika mabunge ya kaunti makundi yaliyotengwa yana viti, na tena vijana na watu wenye ulemavu wametajwa kwa jina. Kifungu cha 100 kinataja wale ambao Bunge lazima liwatungie sheria ya uwakilishi: wanawake, watu wenye ulemavu, vijana, makabila madogo na jamii zilizotengwa. Wazee hawamo. Katiba imewapa haki nne nzuri na haijawapa mtu wa kuziulizia.

Najua jibu utakalonipa, kwa sababu hata mimi nililisikia kichwani: wazee wanahitaji kiti gani tena, si ndio wanaotutawala? Kibaki aliingia Ikulu 2002 akiwa na miaka 71. Moi alishinda 1997 akiwa na 73. Raila aligombea 2022 akiwa na 77. Na mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma ulipandishwa kutoka 55 hadi 60, vijana wakisubiri hizo nafasi za kazi nje ya mlango. Hasira hiyo naielewa, na kwa hilo la 2009 bado ninayo.

Ila tusichanganye watu. Mzee wa Ikulu na mzee wa foleni ya benki siku ya Inua Jamii wana umri mmoja na hawana kingine wanachoshiriki. Wa kwanza ana pensheni ya sheria, walinzi na daktari. Wa pili, ambaye mara nyingi ni mwanamke, amepanda boda kutoka ridge ya mbali, amelipa shilingi 200 kwenda na 200 kurudi ili achukue elfu mbili. Kuwa na marais wazee kwa miaka mingi hakukumpa huyo wa pili mengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, kati ya Wakenya milioni 47.6. Wanaokaa kwenye majumba yenye ulinzi ni wachache sana humo.

Kuna hata wanaoogopa kuonekana wazee. Kilifi, kwa miaka mingi sasa, watu wenye mvi wameuawa wakisingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna kipande cha ardhi. Huko Kaya Godoma, Ganze, kuna mahali ambapo wazee waliokimbia familia zao wanahifadhiwa. Kifungu cha 57 kinasema waishi bila kudhulumiwa. Sijui mgombea wa urais aliyewahi kulifanya hilo kuwa jambo la kwanza kwenye jukwaa.

Turudi kwenye elfu mbili. Malipo yalianza 2018 kama ilivyoahidiwa, na hilo nalipa haki yake. Lakini kiasi hakikufungwa kwenye bei ya kitu chochote. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya kura, serikali iliweka ruzuku na pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Julai 2022, mwezi mmoja kabla ya kura nyingine, pakiti hiyo ilikuwa imepita 200, na ruzuku nyingine ikaishusha hadi 100 kwa wiki chache. Uchaguzi ulipopita, ruzuku ikaisha. Elfu mbili zilibaki elfu mbili. Mwaka 2025 bado zilikuwa elfu mbili, na si kila mwezi zilifika. Mara kadhaa wazee wamengoja miezi bila kitu, kisha wakalipwa malimbikizo. Bima nayo ilianza upya Oktoba 2024, NHIF ilipotoka na SHA ikaingia, na wazee wakarudi kwenye foleni ya kuandikishwa.

Katika kampeni za 2022 upande wa Azimio uliahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia zisizojiweza. Ulishindwa, na ahadi ikaenda nayo. Hapo ndipo unaona ubovu wa mpango mzima. Nyongeza ya mzee imetundikwa kwenye jina la mgombea. Akishindwa, imekufa. Akishinda, inakuwa zawadi yake, na zawadi haidaiwi.

Si lazima iwe hivi. Zanzibar, ambako uchumi si mkubwa kuliko wetu, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila kumuuliza kama ni maskini wala alifanya kazi gani. Ni pesa kidogo, na huko pia ilikuwa wakati wa uchaguzi. Lakini walitutangulia, na walionyesha kwamba kinachohitajika kwanza ni uamuzi.

Sasa kwa nini haya yakuhusu wewe, ambaye una miaka 24 na unatafuta kazi?

Kwanza kwa sababu ya mfuko wako. Kila shilingi ambayo serikali haimpi shosho, unampa wewe. Dawa ya presha, miwani, nauli ya kliniki, paa linalovuja. Wewe ndiye mfuko wa pensheni ambao nchi haikuujenga mwaka 1965. Ukiona kijana mwenzako anafanya kazi mbili na bado hana akiba, usikimbilie kusema hajui kupanga pesa. Uliza kwanza anawalea wazee wangapi.

Pili kwa sababu ya uzee wako mwenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi za nchi hii ziko nje ya ajira rasmi. Anayeendesha boda, anayeuza mitumba, anayeandikia wateja wa ng'ambo kwa laptopu, anayepiga picha za harusi: hawa wote wako mahali pale pale alipokuwa mkulima wa 1965. Hawana mwajiri wa kuongeza kidogo. Tofauti ni kwamba mkulima yule alizaa watoto saba na alikuwa na shamba. Sisi tuna mtoto mmoja au hatuna, na nyumba ni ya kupanga. Tukimwachia mzee wa leo elfu mbili zisizosonga, tumejitengenezea hizo hizo.

Juni 2024 kizazi chetu kilionyesha kwamba kinaweza kusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, kuutafsiri kwa lugha za nyumbani, na kuubeba barabarani. Wengine hawakurudi nyumbani. Wengi wetu tuliusoma ule mswada tukitafuta mkate, data na ushuru wa gari. Nataka tusome bajeti inayokuja kwa macho yale yale, lakini tukitafuta ukurasa wa wazee.

Agosti 10, 2027 tutapiga kura. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40. Wagombea watatufuata sisi, kwa nyimbo na kwa fulana. Kwa hiyo sisi ndio wenye nafasi ya kuuliza maswali ambayo mzee wa foleni haulizwi wala haulizi. Mgombea akija mtaani kwenu, muulize matatu. Je, malipo ya wazee yatapanda kila mwaka kwa kadiri ya bei, kwa sheria, bila kungoja kura? Je, fedha hizo zitalipwa tarehe moja kila mwezi, na nani atawajibika zikichelewa? Je, ataunga mkono kuongeza neno wazee kwenye Kifungu cha 100? Andika majibu, rekodi, weka mtandaoni. Baada ya miaka minne yatakuwa na kazi.

Na siku yenyewe ya kura, kuna kazi ya mikono pia. Vidole vilivyochuma chai au kahawa miaka 40 mara nyingi havisomeki kwenye mashine. Sheria, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inataka kuwe na njia nyingine ya kumtambua mpiga kura mashine inaposhindwa, kwa hiyo mzee asirudishwe nyumbani kwa sababu ya kidole. Asiyeona vizuri au asiyeweza kusoma ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, aliye na miaka 18 au zaidi, na msaidizi anaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Ukimsaidia, weka alama pale anapotaka yeye, hata kama unaona anakosea. Kura ni yake.

Mimi nimeshapanga na binamu zangu nani atampeleka nani. Nauli ya kwenda nyumbani tunaanza kuweka kuanzia Januari.